Kamera ya shags isiwe siri kwa mwenye boma

Wasee, leo sichekeshi mtu. Leo naungama.

Ile kamera iliyofichwa kwa boma la shosho yangu Murang'a, ile ilifanya kijana wa watu akaribie kuuawa, niliiweka mimi. Si Anko. Si fundi wa CCTV. Ni mimi, na mikono yangu, nikiwa nimesimama juu ya ndoo, Shosho akiwa jikoni ananipikia chai.

Naandika hii juu najua wengi wenu mtatumwa kazi kama hiyo, kama bado hamjatumwa. Kila familia iko na yule mtoto mmoja "anayejua mambo ya simu". Disemba ikifika unapanda matatu kwenda shags, Anko anakutumia pesa, anakuambia ununue ka-kamera kadogo, ukafiche mahali, na usimwambie mtu. Unaona ni kazi ya dakika kumi. Hata mimi niliona hivyo.

Maoni yangu nayaweka hapa mapema. Kuficha mahali kamera ilipo, na kuficha kwamba kamera iko, ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza naweza kukitetea. Cha pili siwezi tena, hasa kama anayeishi kwa hilo boma ni mtu mwingine na wewe uko Nairobi unaangalia simu.

Vile ilianza

Tusidanganyane, wizi wa mashambani uko. Murang'a avokado ni pesa. Mabroka wanakuja mpaka kwa mti, na matunda yanavuka bahari. Kwa hivyo wezi nao wanakuja usiku, wanachuma hata yale hayajakomaa, na asubuhi unapata matawi yamevunjwa. Kuna wakulima huko wanakodi vijana walale shambani msimu wa mavuno. Makadamia ni hivyo hivyo. Mtu akikuambia watu wa shags wanaogopa bure, huyo hajawahi kungoja mti miaka ndio uzae, halafu mtu mwingine avune.

Kwa Shosho walikuja mara mbili wiki moja. Mara ya pili waliacha gunia tupu limening'inia kwa ua, kama wanaosema tutarudi. Shosho ana miaka 78. Tangu Guka afariki anaishi pekee yake na ng'ombe wawili na mbwa mzee ambaye hata mgeni hambwekei. Kwa grupu ya familia watu walishtuka, wakatuma emoji za kulia, kisha Anko akasema tuchange tununue kamera. Hilo lilikuwa wazo zuri, na bado nasema lilikuwa zuri. Ubaya ulikuja na sentensi iliyofuata: "Lakini Maitu asijue. Atawaambia watu wote kanisani."

Tulicheka. Hakuna mtu aliuliza swali, na mimi nikiwa wa kwanza kutouliza.

Kamera yenyewe inatoshea kwa kiganja. Iko na laini yake ya simu na ka-paneli ka sola, kwa hivyo haihitaji stima wala Wi-Fi. Ndani kuna sensa inayohisi joto la mwili likisonga. Mtu au ng'ombe akipita, inaamka, inarekodi sekunde kadhaa, inatuma kwa simu. Usiku inatumia mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu halioni. Zile za kawaida hutoa ka-nuru kekundu ukiziangalia moja kwa moja gizani, lakini zile za nanomita 940 hazionyeshi kitu. Nilitafuta hizo za 940. Nilijiona mjanja, bana.

Nilichukua kopo la zamani la Kimbo, nikatoboa shimo, nikaweka kamera ndani, nikalisukuma chini ya paa la ghala katikati ya makopo mengine ya mbegu. Ka-paneli kakakaa juu ya mabati. Kutoka hapo unaona miti ya avokado kulia, geti kushoto, na katikati unaona uwanja wote wa nyumba. Hiyo katikati ndiyo sikuifikiria.

Tulichoona

Wiki ya kwanza tuliona kuku. Kuku wengi. Kisha mbwa. Kisha Shosho.

Shosho akiamka saa kumi na moja kasorobo kukamua. Shosho akiongea na ng'ombe kama mtu na dada yake. Shosho akitoka bafu ya nje na leso, bila kitambaa kichwani, kitu ambacho sijawahi kuona maisha yangu yote na hakikuwa changu kuona. Shosho akiketi kwa kile kigogo ambacho Guka alikuwa akikalia jioni, ameshika kofia yake, haongei, hafanyi kitu. Hiyo klipu ilikuwa ya sekunde kumi na tano. Niliiona nikiwa kwa matatu Thika Road na nikazima simu.

Nywila ya hiyo programu tulikuwa tumepeana kwa familia, kwa hivyo tulikuwa watu tisa tukiangalia. Na ukipea watu tisa dirisha, hawatakaa kimya. Shangazi mmoja akaanza kupiga simu: "Maitu, mbona jana umelala saa nne?" Mwingine: "Mbona unajibebea maji, na tunatuma pesa ya maji?" Mwingine: "Huyo mama aliyekuja jana alikuwa anataka nini?"

Kila mtu aliona ni upendo. Na ulikuwa upendo, sikatai. Lakini jiweke kwa viatu vya Shosho. Ghafla watoto wako walio Ruaka na Kitengela wanajua ulilala saa ngapi na nani alikutembelea. Hujui kuna kopo la Kimbo linakuangalia. Kwa hivyo unafikiria nini? Unafikiria kuna mtu hapa kijijini anapeleka maneno.

Shosho aliamua mtu huyo ni jirani yake. Mama wa ng'ambo ya ua, wamejuana zaidi ya miaka 40, wako chama kimoja, walizaa watoto mwaka mmoja. Ndiye pekee alikuwa akiingia kwake kila siku, kwa hivyo lazima awe yeye. Shosho akaacha kumpelekea maziwa. Akaacha kumngoja waende kanisa pamoja. Hakumwambia kwa nini, na mama wa watu hakujua amekosa nini.

Sisi hata hilo tuliliona kwa kamera. Tuliona jirani ameacha kuja. Unajua tulisema nini kwa grupu? "Afadhali, huyo alikuwa mwongeaji."

Klipu ya saa kumi na dakika arobaini

Mwezi wa pili simu zetu zote zililia alfajiri moja. Kijana mmoja, picha nyeusi na nyeupe, anapita kando ya ghala na gunia mgongoni. Sura inaonekana vizuri kabisa. Ni kijana wa hapo karibu, ana miaka 19, anachotea watu maji kwa mkokoteni. Kwa hii stori nitamuita Kijana wa Maji.

Anko hakungoja kuche. Alituma klipu kwa grupu ya kijiji, ile ya kina barabara na harambee, na maneno manne: "Mwizi wetu ndiye huyu."

Wasee, mnajua neno "mwizi" hufanya nini mashinani. Likishatajwa, hakuna mtu anauliza tena. Kufikia saa mbili asubuhi wanaume kama kumi na tano walikuwa nje ya nyumba ya mama yake, wengine na rungu, na mmoja, nasikia, alikuwa ameshatuma mtoto petroli.

Mimi nilikuwa Nairobi. Na hapa ndio pa kuungama zaidi: nilikuwa nimeishakata hiyo klipu, nimeweka muziki, nimeandika maneno ya juu. Nilikuwa tayari kuiposti. Video za wezi wakishikwa na kamera huenda mbali sana, mnajua, na mimi naishi kwa hizo namba. Kilichonizuia si utu. Ni bando. Bando iliisha.

Jirani yule ndiye alisikia kelele kwanza. Yule ambaye Shosho alikuwa amekataa kumsalimia wiki tano. Alikimbia akavuka ua, akabisha, akamwambia, "Njoo, wanataka kumuua mtoto kwa sababu yako." Shosho akaenda na leso ya kulalia, akapita katikati ya hao wanaume, akasimama mbele ya mlango na kusema ni yeye alimpa hizo avokado.

Na ni kweli, alimpa. Walikuwa na makubaliano yao: yeye anamletea mitungi ya maji, na upepo ukipiga usiku, avokado zote zilizoanguka ni zake. Za kuanguka mabroka hawazitaki, zinauzwa bei ya chini kwa watu wa kukamua mafuta. Alikuwa anakuja alfajiri juu gari la hao watu hupita mapema. Hakuna siri yoyote. Ukimuuliza Shosho angekuambia kwa dakika moja. Lakini kumuuliza ni lazima kwanza umwambie uliona, na kumwambia uliona ni lazima umwambie kuna kamera.

Hapo ndio ubaya wa kamera ya siri ulipo. Inakupatia picha na inakunyima swali. Mtu pekee anayeweza kukueleza unachokiona ndiye yule huwezi kumuuliza.

Wezi wenyewe? Walirudi mwezi uliofuata. Walipitia upande wa chini, wa mto, ambako kopo la Kimbo halikuangalia.

Shags si keja ya Nairobi

Najua kuna mtu anasema: lakini ni shamba letu, title deed iko, ni mali ya kibinafsi, naweka kamera nikitaka. Hebu tuongee hiyo polepole.

Mtaani, kamera iko kwa korido, kwa ngazi, kwa geti. Ukiingia kwa keja yako unafunga mlango na maisha yako yanabaki ndani. Shags mambo ni mengine. Bafu iko nje. Choo kiko nje. Jikoni ni nyumba nyingine. Nguo zinaanikwa kwa ua, maiti inalazwa uwanjani, maombi yanafanyika chini ya mti. Uwanja ndio sebule. Kwa hivyo kamera ya "nje" huko ni kamera ya ndani. Mimi niliweka kamera kwa chumba cha Shosho bila kujua ni chumba.

Halafu kuna njia. Title deed inasema shamba ni letu, lakini njia ya kwenda mtoni inapita kwetu tangu Guka akiwa mtoto. Watoto wa shule wanapita hapo. Wamama wa kuni wanapita hapo. Wote hao walikuwa kwa simu yangu.

Na bado sijaongea kuhusu wafanyakazi. Familia nyingi ziko na kijana wa kuchunga ng'ombe anayeishi hapo hapo bomani, wakati mwingine na mke na mtoto. Ukificha kamera inayoangalia mlango wa chumba chake, hujaweka ulinzi wa ng'ombe. Umemfanya mtu akae bila mlango. Kama unataka kujua lita za maziwa, pima maziwa.

Sheria inasema nini

Baada ya hiyo kitu nilienda kusoma, juu nilikuwa naogopa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Haijasema kila mtu wa mjini. Inataja nyumba yake, na inataja mambo ya familia yake na ya binafsi kutofichuliwa bila sababu. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uso wa mtu kwenye video ni data yake. Hiyo sheria inataka mtu aambiwe kabla data yake haijachukuliwa, ajue inachukuliwa na ni ya kazi gani.

Wajuaji watasema sheria hiyo imeachilia mambo ya nyumbani. Ni kweli, imeachilia shughuli za nyumbani tupu. Lakini jiulize kama yako ni ya nyumbani tupu. Shamba linauza avokado, kamera inaona njia ya umma, na klipu imetumwa kwa grupu ya watu 200. Hapo mimi singeenda mbele ya mtu kusema ilikuwa mambo ya nyumbani.

Kuna kesi moja Ulaya inafanana na yetu mpaka inaogopesha. Jamaa wa Jamhuri ya Czech, František Ryneš, alikuwa akivunjiwa madirisha. Akafunga kamera chini ya paa la nyumba yake. Ikawanasa watu wakivunja dirisha na manati, feya kabisa kama zetu za kupiga ndege. Washukiwa wakajulikana. Lakini kamera ilikuwa pia inaona njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele, na mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kamera ikishaona njia ya watu, hiyo si shughuli ya nyumbani tupu tena. Mahakama haikusema mtu asilinde mali yake. Ilisema tu akishavuka ua, sheria inamfuata. Hukumu hiyo haifungi korti zetu, lakini sheria yetu inafanana sana na ya wao.

Na kuposti? Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Hiyo ni picha ya mtu akijienjoi. Yangu ingekuwa ya mtu asiye na makosa akiitwa mwizi.

Hata ukimshika mwizi wa ukweli, klipu ya kutumiana kwa WhatsApp haitoshi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza hiyo rekodi ilitoka kwa kifaa gani na ilitengenezwa vipi. Kwa hivyo ule mtindo wa kutuma kwa grupu kwanza na polisi baadaye unaleta fujo kijijini na haujengi kesi.

"Ukiwaambia, si wezi watajua?"

Hili ndilo swali zuri, na Anko ameniuliza mara kumi. Nitalijibu sawasawa.

Ndiyo, wezi watajua kuna kamera. Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Shosho hahitaji video ya avokado zikienda, anahitaji avokado zisiende. Bango kwa geti lililoandikwa "Boma hili lina kamera" linafanya kazi hata kamera ikiwa imezimika betri. Na bango halisemi iko wapi. Ifiche kwa kopo, ifiche kwa kiota cha ndege, sijali. Ficha mahali. Usifiche kwamba iko.

Kuna wakati naweza kukubali siri kamili? Labda stoo ya mbolea iliyofungwa kufuli, mahali hakuna mtu analala, anaoga wala kupita. Kamera iangalie gunia tu. Na hata hapo, mwenye boma ajue. Kama unamshuku mwenye boma mwenyewe, shida yako haitatuliwi na kamera.

Kitu kingine watu hawafikirii: siri hiyo si yako peke yako. Kamera nyingi za bei rahisi zinapeleka video kwa seva zilizo nchi nyingine. Mwaka 2016 programu hatari iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya nyumbani duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo watu walikuwa hawajabadilisha. Yetu? Nilipoenda kuangalia, nywila ya kamera ilikuwa bado ile ya kwa boksi. Shosho akitoka bafu, sijui ni macho mangapi.

Nilipomwambia

Jumamosi iliyofuata nilienda shags. Mimi ni kifungua mimba wa buda, nimepewa jina la Guka, kwa hivyo Shosho huniita bwanake tangu nizaliwe. Nilipanda kwa ndoo ile ile, nikashusha kopo, nikaliweka mezani mbele yake, nikamwonyesha.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo si mama huyu alikuwa akiwaambia?"

Hakuanza na hasira ya kuangaliwa. Alianza na jirani. Alishika kichwa akasema, "Wiki tano, bwanangu. Wiki tano nimemnyima salamu."

Nikamwambia tulikuwa tunamlinda. Akaniuliza, "Mlikuwa mnalinda mimi ama avokado?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nilidhani ataitupa. Hakuitupa. Akataka kujua inaona mpaka wapi, nikamwonyesha kwa simu. Akasema igeuzwe, iangalie geti na miti, isione mlango wake wala bafu. Halafu akauliza inalala saa ngapi. Nikamwambia hailali. "Basi nitailaza mimi," akasema. Sasa iko kwa mlingoti mfupi, mkono wake unaifikia, na akitaka faragha anaivisha kofia ya Guka. Ukifungua programu unaona giza. Shangazi mmoja alilalamika ati kamera imeharibika. Iko sawa, mwenyewe ndiye ameizima.

Kama ni lazima uweke

Nimeulizwa na marafiki watatu tangu wakati huo niwasaidie kuweka, na haya ndiyo masharti yangu. Yachukue kama utatumwa.

Moja, mwenye boma akubali. Si aambiwe baadaye, akubali kabla. Kama ni mzee na haelewi, mwonyeshe picha yenyewe kwa simu mpaka aelewe.

Mbili, awe na njia ya kuizima bila kukupigia simu. Kofia inatosha.

Tatu, iangalie mali: geti, zizi, stoo, miti. Isiangalie bafu, choo, milango ya kulala, wala njia ya watu ikiwezekana.

Nne, anayefanya kazi hapo na jirani waambiwe. Weka bango.

Tano, mtu mmoja au wawili washike nywila, na muibadilishe siku ya kwanza. Grupu nzima ya familia si walinzi.

Sita, klipu za kawaida zifutwe kila wiki. Huna haja na video ya shosho ya Machi.

Saba, ukiona kitu, uliza kwanza. Mpigie mwenye boma. Kama kweli ni wizi, peleka kwa polisi, usitume kwa grupu. Na usiposti. Wewe mwenzangu unayetafuta namba, nakuomba: usiposti.

Kilichobaki

Ningependa kuwaambia mambo yalirudi sawa. Shosho alienda kwa jirani na lita mbili za maziwa, wakalia, na polepole wamerudi kuenda kanisa pamoja. Mwezi uliopita wezi walipojaribu tena upande wa mto, ni huyo mama alisikia matawi na kupiga nduru. Wakakimbia. Kamera haikuona kitu. Wazee walisema afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na sisi ndugu wa mbali tulikuwa tumetumia pesa kumfukuza jirani wa karibu.

Lakini Kijana wa Maji hapiti kwetu tena. Anko alimpigia kuomba msamaha, akasema ni sawa. Mama yake pia akasema ni sawa. Lakini anazunguka njia ya juu, ndefu, na mkokoteni wake, juu hataki kuonekana karibu na shamba letu. Ile klipu bado iko kwa simu za watu ambao sijui. Avokado za kuanguka zinaoza chini ya mti, na Shosho anabeba maji mwenyewe.

Hiyo ndiyo picha ninayoiona siku hizi nikifungua programu, kama hajaivisha kofia. Mama wa miaka 78 na mtungi wa lita kumi.

Kwa hivyo kama kuna kamera kwa boma la wazazi wako na wao hawajui, usingoje Disemba. Mpigie leo. Mwambie iko wapi, na umwambie unaomba msamaha. Halafu muulize anataka iangalie wapi.